Mwaka mmoja na WhatsApp Business kwenye fremu ya mashuka, Tabata

Tathmini hii nawaandikia wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam ambao, kama mimi, wana fremu moja, msaidizi mmoja na simu ambayo ndiyo ofisi yenyewe. Nauza mashuka na foronya Tabata, mzigo nauchukua Kariakoo, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya wateja wangu hunifahamu kwanza kupitia ukurasa wa picha mtandaoni kabla hawajaiona fremu kwa macho. Programu ninayoitathmini ni WhatsApp Business, ambayo nimeitumia mwaka mzima, tangu Septemba 2024, bila kuiweka kando hata siku moja. Nitaeleza inachofanya vizuri na inapopungukiwa, na nitaeleza pia kwa nini faida kubwa niliyoipata humo si ile niliyoifuata nilipoipakua.

Nilichokifuata kilikuwa mahali pasipo na algorithimu, yaani ule mtambo wa programu unaoamua picha yako aione nani. Katikati ya 2024 mauzo yangu yalishuka mfululizo, na kwenye kundi letu la wafanyabiashara kila jioni mazungumzo yalikuwa hayohayo: algorithimu imetubana, algorithimu imetuficha, picha iliyokuwa ikipata watu mia tano sasa inapata sitini. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu lawama ile ilinipumzisha. Ukishaamini kwamba kuna mtambo uliokuziba njia, hulazimiki kuuliza swali lingine lolote kuhusu siku yako. Mwenzetu mmoja anayeuza vyombo ndiye aliyependekeza tuhamie WhatsApp Business, akieleza kwamba huko ujumbe ukitumwa unamfikia uliyemtumia na hakuna anayeamua katikati. Niliipakua usiku huohuo.

Kabla ya kuingia kwenye programu yenyewe, ni haki niseme kwamba malalamiko ya wafanyabiashara si ya kubuni. Instagram ilipoanza Oktoba 2010 ilipanga picha kwa saa zilivyowekwa, na Machi 2016 ikatangaza kuuacha utaratibu huo na kuanza kupanga kwa kukadiria kile ambacho mtumiaji angependa kukiona. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, na kwamba yale ya biashara yataonekana kwa uchache zaidi. Mwezi huohuo wa Januari 2018 kampuni hiyohiyo, ambayo ilikuwa imetangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014, ilitoa programu ya WhatsApp Business. Mtu aliyekuwa akitegemea kuonekana bure kwenye kurasa za watu kwa kweli alipunguziwa nafasi, na hakuulizwa.

Hata hivyo, wale wanaotaja tangazo la 2016 mara nyingi huacha sehemu yake moja ambayo mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Instagram ilisema wakati ule kwamba, kwa wastani, watu walikuwa hawazioni asilimia 70 ya picha zilizowekwa na wale wanaowafuata, na hapo picha zilikuwa bado zinapangwa kwa saa. Kwa hiyo zama tunazozililia, zama ambazo eti kila mfuasi alituona, hazikuwahi kuwapo. Juni 2021 Adam Mosseri, kiongozi wa Instagram, alifafanua kwa maandishi kwamba hakuna algorithimu moja bali ziko nyingi, na kwamba katika kupanga picha za ukurasa mkuu wanakadiria, miongoni mwa mambo mengine, uwezekano wa mtu kusimama sekunde chache kwenye picha, kuandika maoni, kuipenda, kuihifadhi na kufungua ukurasa wa aliyeiweka. Niliyasoma maelezo hayo nikiwa nimekaa mbele ya picha zangu mwenyewe: shuka lililokunjwa ndani ya nailoni, taa ya fremu ikimulika juu ya nailoni hiyo hadi maua hayaonekani, bila kipimo, bila bei. Mtu huhifadhi picha anapojua kwamba kuna jambo atakalolirudia, na mimi sikuwa nimeweka jambo lolote la kurudiwa.

Sasa programu. Haina malipo ya kuipakua wala ya mwezi. Ukiisajili kwa namba uliyokuwa ukiitumia kwenye WhatsApp ya kawaida, mazungumzo yako ya zamani unaweza kuyahamishia humo, lakini namba moja haiwezi kukaa kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye laini mbili atafanya vyema kutenga moja kwa ajili ya duka. Mimi nilihamia na namba ileile ya zamani. Kuandika wasifu wa biashara, saa za kufungua na kufunga, na mahali fremu ilipo kwenye ramani, kulinichukua muda usiofika nusu saa. Sehemu hiyo ni rahisi na haihitaji maelezo marefu.

Jambo lililonishika ni lebo. Programu inakuwezesha kubandika lebo ya rangi juu ya kila mazungumzo. Zipo zilizotengenezwa tayari, kama vile mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, aliyelipa na oda iliyokamilika, na unaweza kuongeza za kwako hadi jumla ya lebo ishirini. Jumapili moja usiku nilikaa na binti wa dada yangu, ambaye ndiye anayenisaidia dukani, tukaamua kuyapitia mazungumzo yote ya Julai na Agosti, miezi ileile niliyokuwa nikilalamika, na kuyabandika lebo moja baada ya jingine. Kwa kuwa hatukupata lebo iliyotufaa kwa baadhi yao, tuliunda ya kwetu na kuiita "hajajibiwa". Ilipofika saa tano usiku tulikuwa tumehesabu watu 214 walioandika kuulizia bidhaa katika miezi hiyo miwili. Sabini na mmoja kati yao ama hawakujibiwa kabisa, ama walipata jibu la kwanza baada ya zaidi ya siku nzima. Hiyo ni theluthi ya watu wote waliojitokeza wenyewe mlangoni mwangu.

Nitaeleza mazungumzo ya mmoja wao, kwa sababu nimeyasoma mara nyingi kuliko yote. Mama mmoja wa Kimara aliandika Jumatatu saa mbili asubuhi: "Habari za asubuhi dada, 6 kwa 6 ya rangi ya maziwa ipo? Nataka mbili, nina wageni Ijumaa." Alikuwa amenipa kipimo, rangi, idadi na siku, yaani kila kitu ambacho muuzaji angetamani kukijua. Niliufungua ujumbe huo nikiwa kwenye daladala, nikajiambia nitajibu nikifika, na bila shaka simu yake ikamwonyesha tiki mbili za bluu asubuhi ileile. Nilimjibu Alhamisi jioni: "Ipo mpenzi, karibu." Naye akanijibu kwa adabu kunizidi: "Asante dada yangu, nilishanunua Kariakoo." Mashuka mawili ya rangi ya maziwa yalikuwa kwenye rafu siku zote nne.

Binti yetu, ambaye hana tabia ya maneno mengi, aliniuliza, "Mama mdogo, na hawa walifichwa na algorithimu?" Aliuliza kwa dhati, akitaka kuelewa, na sikuwa na la kumjibu. Kati ya simu ya yule mama na simu yangu hapakuwa na mtambo wowote uliopanga nani aonekane. Alikuja mwenyewe, akabisha hodi, nikamsikia, nikanyamaza.

Kuanzia wiki iliyofuata tulijiwekea utaratibu kwamba lebo ya "hajajibiwa" lazima iwe tupu kabla ya kufunga fremu saa mbili usiku, na kwamba ujumbe usifunguliwe na mtu asiye na nafasi ya kuujibu. Katika hilo programu inasaidia kwa kukubali vifaa vingine hadi vinne viunganishwe na simu moja, hivyo binti anajibu kwa kompyuta ndogo ya mkononi nikiwa Kariakoo nachagua mzigo. Sitadai kwamba tumetimiza utaratibu huo kila siku. Zipo siku za mwisho wa mwezi ambapo watu saba au wanane hulala bila jibu, lakini sasa nawajua kwa majina, na asubuhi tunaanza nao.

Sehemu ya pili iliyonifundisha ni katalogi. Ni rafu ya bidhaa ndani ya programu, ambako kila bidhaa inapewa picha hadi kumi, jina, bei, maelezo na namba yake ya utambulisho, na mteja anaweza kuchagua vitu kadhaa, kuviweka kwenye kikapu na kukutumia oda nzima kwa ujumbe mmoja. Katalogi inapokea bidhaa hadi 500. Mimi nina arobaini. Nilidhani ningeijaza kwa saa moja, ikanichukua siku tatu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Nilipofika kwenye nafasi ya maelezo ya shuka la kwanza, niliandika "6 kwa 6, pamba, foronya mbili", kisha nikasita, kwa maana nilikumbuka malalamiko ya wateja kadhaa kwamba shuka halifiki. Kila mara nilikuwa nikiwajibu, "Labda godoro lako ni nene, dada." Niliazima futikamba kwa fundi cherehani wa fremu ya jirani, nikafungua mashuka ishirini na matatu yaliyoandikwa 6 kwa 6 kwenye karatasi ya nailoni, nikayapima moja baada ya jingine juu ya meza. Manane yalikuwa na upana wa inchi 84, yaani futi saba kamili. Kitanda cha futi sita kina upana wa inchi 72. Ukiweka godoro la inchi 10, shuka linapaswa kushuka inchi 10 kila upande, jumla inchi 92, na bado hujapata kitambaa cha kuchomeka chini. Shuka la inchi 84 kwenye godoro hilo linaishia ubavuni, na mtu akigeuka mara mbili usiku linachomoka. Wateja wangu walikuwa wanasema kweli, na mimi nilikuwa nimeyalaumu magodoro yao miezi mingi kabla sijaanza kuilaumu algorithimu.

Kwa kuwa kipimo kilichoandikwa kwenye nailoni ni cha kitanda na si cha shuka, na kwa kuwa mizigo inatofautiana hata ikitoka kwa muuzaji wa jumla mmoja, siku hizi kila bidhaa kwenye katalogi yangu ina vipimo viwili: urefu na upana wa shuka lenyewe kwa inchi, na unene wa godoro linalolifaa. Yale manane tuliyashushia bei na kuyaandika wazi kwamba yanafaa godoro la inchi 6, yakaisha ndani ya wiki mbili. Kabla ya hapo nilikuwa narudishiwa mashuka tisa hivi kwa mwezi, na kila rejesho lilimaanisha nauli ya bodaboda mara mbili na mteja aliyeudhika. Miezi ya karibuni ni mawili, pengine matatu. Programu haikunilazimisha kuandika vipimo, wala hailazimishi kuandika bei. Iliacha nafasi tupu mbele yangu, na nafasi ile ikanionyesha kwamba sikuijua bidhaa niliyokuwa nikiiuza.

Majibu ya haraka ni kipengele kizuri na nitakipitia upesi. Unaandika jibu mara moja, unalipa jina fupi, kisha ukibonyeza alama ya mkwaju (/) na jina hilo jibu zima linajitokeza. Ninayo ya namba ya malipo, ya gharama za usafiri kwa maeneo ya mjini, na ya maelekezo ya kufika dukani. Kuhusu ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza, natoa tahadhari: usimwandikie mtu "tutakujibu hivi punde" kama hujui nani atamjibu. Wiki za mwanzo niliona salamu hiyo ikinipa utulivu wa uongo, kwa sababu mazungumzo yalionekana yamejibiwa ilhali hakuna mtu aliyeyajibu. Nikaiandika upya ili itaje saa zetu za kujibu na kumwomba mteja ataje kipimo na mahali alipo, na hapo ikawa na kazi.

Lebo za malipo nazo zimenisaidia upande wa usafirishaji, hasa kwa mizigo ya mikoani inayopakiwa kwenye basi stendi ya Magufuli, Mbezi. Zamani niliweza kusahau kama fulani amelipa au ameahidi kulipa, na mara moja nilituma mzigo wa mtu mwingine kabisa. Sasa mazungumzo hayapati lebo ya "umeondoka" mpaka picha ya risiti ya basi iwe imetumwa kwa mteja.

Nifike kwenye kipengele ambacho wengi hukikimbilia na kukiacha kwa hasira, nacho ni orodha ya matangazo. Unakusanya majina, yasiyozidi 256 kwa orodha moja, na ujumbe mmoja unawafikia wote kana kwamba umemwandikia kila mmoja peke yake. Lakini kuna sharti: anayeupata ni yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mara ya kwanza niliwatumia watu 180, nikaangalia taarifa za ujumbe, nikakuta umewafikia 52. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa tayari kuandika kwenye kundi letu kwamba hata huku tunafichwa. Nilipolielewa sharti lile ndipo hesabu iliponieleza jambo jingine: watu 128 walikuwa wamenunua kwangu au kuzungumza nami, na hawakuona sababu ya kuniweka hata kwenye orodha ya majina ya simu zao.

Sharti hilo naliona ni la haki. Anayepata tangazo ni aliyekubali, kwa kitendo chake, kukufahamu. Tulichofanya ni kuweka ndani ya kila mfuko karatasi ndogo yenye maelekezo ya kufua shuka la aina hiyo, namba yetu, na ahadi kwamba atakayeihifadhi atapata taarifa ya mzigo mpya mara mbili kwa mwezi na si zaidi. Ahadi hiyo tumeitunza. Tangazo la mwezi uliopita liliwafikia 97 kati ya 190. Nawaomba pia wenzangu waache kabisa desturi ya kuwakusanya wateja kwenye kundi bila kuwauliza, ambako kila mmoja anaziona namba za wengine wote. Tangu 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, na hata kabla ya sheria, namba ya mama wa watu haikuwa mali yangu ya kuwagawia wengine.

Upungufu wa programu upo na sitaupunguza. Kwanza, haijui hesabu ya mzigo. Shuka likiisha dukani linaendelea kuonekana kwenye katalogi mpaka uliondoe au ulifiche mwenyewe. Pili, takwimu zake ni chache mno, kwani zinakueleza idadi ya ujumbe uliotumwa, uliofika, uliosomwa na uliopokelewa, lakini hazikuelezi ni wangapi walinunua wala walichonunua, na ndiyo maana hesabu zote nilizozitaja humu zimetoka kwenye daftari. Tatu, picha za stetasi hufutika baada ya saa 24, hivyo anayezitegemea peke yake anaanza upya kila asubuhi. Nne, biashara nzima inaning'inia kwenye namba moja ya simu, na mtu anayepoteza laini bila kuwa na nakala ya mazungumzo anapoteza wateja pamoja nayo.

Tena kuna intaneti yenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita, na tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za chini ya bahari iliathiri intaneti Tanzania na nchi jirani. Siku ile ya Mei nilikuwa fremuni na sikuwa na namba ya mteja hata mmoja nje ya simu. Baada ya hapo nilianza kuandika majina na namba za wateja waliokubali kwenye daftari la jalada gumu, na mtandao ukisumbua nampigia mtu kwa muda wa kawaida wa maongezi. Kuzimika kwa mtandao ni jambo lisilo mikononi mwangu. Kutokuwa na daftari kulikuwa mikononi mwangu.

Upungufu mkubwa kuliko wote ni kwamba programu hii haikuletei mgeni. Inamtunza aliyefika, haimtafuti asiyekujua. Kwa hiyo yule mwenzetu aliyetushauri tuhame moja kwa moja alikosea kwa nusu, na mimi baada ya miezi miwili nilirudi kwenye ukurasa wa picha, ambako algorithimu bado ipo na bado inafanya ipendavyo. Tofauti ni kwamba nilirudi na vitu vya kuweka. Nilizitoa zile picha za nailoni. Sasa natandika kitanda kimoja kilichopo nyuma ya fremu, napiga picha asubuhi mlango ukiwa wazi ili mwanga wa nje uingie, naweka futikamba juu ya shuka likionyesha inchi, na naandika bei.

Kuhusu bei niseme zaidi, kwa sababu hapa ndipo nadhani tunajiumiza wenyewe kwa namna iliyo wazi kabisa. Desturi ya kuandika "bei njoo inboksi" imeenea Dar es Salaam kiasi kwamba mteja akiona bei imeandikwa anashangaa. Wanaoitetea husema kwamba mshindani ataiona, au kwamba mteja akija inboksi unapata nafasi ya kumshawishi. Katika wale watu 214 wa Julai na Agosti, tulihesabu 120 ambao swali lao la kwanza lilikuwa "bei gani?", na zaidi ya nusu yao hawakuandika neno jingine baada ya kujibiwa. Yaani muda wangu mwingi wa kujibu, muda ule ambao yule mama wa Kimara aliukosa, ulikuwa unaliwa na swali ambalo namba moja chini ya picha ingelijibu. Mshindani anayetaka kuijua bei yangu anaweza kuja dukani au kumtuma mtu. Anayefichwa ni mteja tu. Na wateja wengi wameniambia kwamba bei ikifichwa wanashuku kuwa inapangwa kwa kuangalia picha ya wasifu wao, mwenye gari akitajiwa yake na mwenye kitenge akitajiwa yake. Siwezi kusema shuku hiyo haina msingi kwa kila duka. Tangu niandike bei, ujumbe unaoingia umepungua, na sehemu kubwa ya wanaoandika wanauliza rangi, usafiri, au namba ya kulipia.

Nisieleweke vibaya kwa wale walioumizwa na mambo yasiyo yao. Ninaye rafiki ambaye ukurasa wake uliibiwa na matapeli na wateja wake wakatapeliwa kwa jina lake. Mwingine anaona picha alizozipiga kwa gharama zikitumiwa na kurasa zisizo na duka. Hao wanastahili kusikilizwa na kusaidiwa, na kuwaambia wajiangalie wao kwanza ni ukosefu wa utu. Ninaowaandikia ni wale waliokuwa kama mimi, ambao ujumbe umejaa kwenye simu na huku wanalalamika kwamba hawaonekani.

Kwa nani basi naipendekeza programu hii? Kwa yeyote ambaye tayari anapata watu wa kuuliza, hata wakiwa watano kwa siku, naipendekeza bila wasiwasi, hasa lebo na katalogi, na ningeshauri aanze kwa kuyapitia mazungumzo ya miezi miwili iliyopita kama tulivyofanya sisi kabla hajagusa kitu kingine. Kwa anayeanza biashara leo na hana mteja hata mmoja, itamfaa baadaye. Kwa anayetarajia imwekee mahesabu, hapana, anunue daftari. Gharama yake ni bando la kila siku, kompyuta ndogo ya mkononi kama unataka msaidizi ajibu nawe, na saa moja ya jioni ambayo zamani ningeitumia kuzungumza kwenye kundi.

Mauzo yangu yamepanda tangu wakati ule, ingawa bado hayajafikia ya mwaka 2023, na sijui kama yatafika. Jioni hii ninapoandika, lebo ya "hajajibiwa" ina watu wanne. Wawili wanaulizia 5 kwa 6 ya kijivu, ambayo ipo kwenye mzigo wa kesho na siwezi kuwaahidi inchi zake mpaka niifungue na kuipima, na hilo ndilo nitakalowaandikia kabla ya kufunga.